Baiskeli ya safari ndefu: pesa iende kwenye magurudumu

Muuza baiskeli atakuonyesha fremu. Ataigonga kwa kidole isikike inavyolia, atasifu rangi, atakwambia, "Hii haijatembea, kaka, imeshuka bandarini juzi tu." Mwache amalize, kisha chuchumaa uangalie gurudumu la nyuma. Kwenye safari ya kilomita mia nane hivi, kama Dar es Salaam hadi Mbeya, ni nadra fremu ikuangushe. Kinachomlaza mtu njiani ni spoku zilizokatika, ekseli iliyopinda, au tairi ambalo saizi yake haipatikani mpaka urudi mjini.

Haya ni kwa mtu mwenye laki nne hadi laki sita mkononi, anayetaka kuondoka masika yakiisha na hana mwezi mzima wa kuzunguka madukani. Sitaji majina ya watengenezaji, kwa sababu stika hubandikwa popote. Bei za mtumba nazo hupanda na kushuka kulingana na kontena lililoingia na dola ilivyoamka, kwa hiyo nitalinganisha zaidi ipi ni nafuu kuliko ipi, na ipi itakudai tena baada ya kuilipia.

Kwanza mgawanyo wa pesa. Usinunue baiskeli kwa pesa yote uliyonayo. Theluthi moja ibaki. Mwenye laki sita atafute ya laki nne, na mwenye laki nne na nusu atafute ya laki tatu. Kinachobaki kitakwisha kwenye matairi mawili, tyubu nne, mnyororo, raba na waya za breki, na siku nzima ya fundi ya kusuka upya gurudumu la nyuma. Baiskeli ya laki nne iliyopitia mikono ya fundi nitaiamini hadi Tunduma. Ya laki sita iliyotoka kwa muuzaji moja kwa moja, mimi siiamini kupita Chalinze.

Ile nyeusi ya chuma

Yenye breki za fito, gia moja na keria nzito nyuma. Hakuna inayopatikana kirahisi kuliko hii. Kila mji wa wilaya una duka lenye vipuri vyake, na fundi aliye chini ya mwembe anaifungua na kuifunga huku anapiga soga. Mpya yake kwa kawaida ni nafuu kuliko mtumba nzuri ya gia iliyotoka Ulaya.

Ubora wake ni chuma. Chuma kikipasuka, fundi yeyote wa kuchomelea madirisha atakirudisha. Mjerumani Heinz Stücke aliondoka kwao Hövelhof mwaka 1962 na baiskeli ya chuma ya gia tatu, akaendesha duniani kwa takriban nusu karne. Fremu yake ilivunjika na kuchomelewa mara nyingi, naye akaendelea na safari. Fremu ya alumini ikikatika katikati ya Dodoma na Manyoni, kazi yako inayobaki ni kusimamisha lori.

Ubaya wake ni mlima. Hii baiskeli inapita kilo 20 kabla hujafunga mzigo, na meno ya mbele ni zaidi ya mara mbili ya meno ya nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi. Kwenye nyanda za Shinyanga na Tabora utaifurahia. Kwenye Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, utashuka na kusukuma. Wa Mombo kwenda Lushoto, kilomita 30 na ushee za kupanda na kona, ndio usahau kabisa.

Kushuka nako kuna bei yake. Breki za fito zikibana ringi ya kromu iliyolowa, zinashika kwa kuchelewa. Kwa safari ya milima na mvua, mimi nasema hapana. Kwa tambarare, na kwa mfuko mwembamba, ndiyo.

Angalia pia unachouziwa. Mara nyingi bei unayotajiwa ni ya baiskeli iliyo ndani ya boksi. Kuunganisha ni pesa ya fundi. Stendi, kengele, pampu na pengine hata keria vinahesabiwa pembeni. Uliza swali moja kabla ya kuanza kupatana: "Bei hiyo naondoka nayo nikiwa nimeipanda?"

Ya Kijapani yenye kikapu

Hii ndiyo ya bei ya chini katika mtumba, na kwa matumizi ya mtaani ni mali. Ina madigadi, taa ya dainamo, kufuli lililofungwa kwenye gurudumu la nyuma na kifuniko cha mnyororo kinachookoa suruali yako. Nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, ambazo vumbi haliziingii kirahisi.

Kwa safari ndefu naipa alama ndogo, na sababu kubwa ni tairi. Nyingi zina tairi lililoandikwa 26 × 1⅜. Ukilitazama utasema ni inchi 26 kama baiskeli nyingine yoyote ya inchi 26. Silo. Nitarudi hapo chini, maana huu ndio mtego unaokula pesa za watu kuliko yote. Isitoshe, usukani wake unakuja karibu na kifua na kiti hakipandi vya kutosha kwa mtu mrefu. Kilomita kumi hutahisi kitu. Kilomita 80, magoti yatakusimulia.

Ya milimani, mtumba, isiyo na shokapu

Hii ndiyo ninayokushauri ununue. Natafuta ile ya zamani, ya miaka ya 1990 hivi, fremu ya chuma, uma wa mbele mgumu, matairi ya inchi 26, sproketi tatu mbele na sita au saba nyuma. Haivutii. Rangi imechubuka, na vijana wanaipita wakienda kwenye zile zinazong'aa. Ndiyo maana bei yake inapatanika.

Nenda na sumaku mfukoni, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwenye fremu, ni chuma. Isiponasa, ni alumini, haidhuru muuzaji anasema nini. Kisha angalia karibu na ekseli ya nyuma, na juu chini ya kiti: kuna vitundu vyenye nyuzi za kufungia keria? Vikiwepo, mzigo utakaa kwenye boliti. Visipokuwepo utafunga keria kwa vibano, navyo huteleza ukipita rasta.

Sproketi ndogo ya mbele ndiyo unayoilipia. Ikiwa na meno 24 hivi, na kubwa ya nyuma meno 28, pedali ikizunguka mara moja gurudumu halifikii hata mzunguko mmoja. Polepole, lakini umekaa, na kilo zako 15 za mzigo zimo. Hii tofauti kati ya kukanyaga na kusukuma ndiyo inayofanya siku ya kilomita 70 isigeuke siku mbili.

Ugonjwa wake ni ekseli ya nyuma. Kwenye mfumo wa zamani, friwili hufungwa kwa nyuzi juu ya habu, na gololi za upande wa kulia zinabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli. Sehemu ile ndefu isiyo na mshikio inabeba uzito wako na wa mzigo; ikipigwa mashimo ya kutosha, inapinda au inakatika. Dawa ni ndogo: nunua ekseli ya akiba ya urefu uleule, na koni zake, uibebe. Ukikuta habu ya aina mpya ambayo meno yanachomekwa na gololi zimekaa pembeni kabisa, ongeza kidogo uichukue, usibishane sana.

Matairi yenye meno makubwa yanayounguruma kwenye lami yatoe. Weka ya upana wa 1.75 hadi 2.0, laini katikati, yenye meno madogo pembeni. Kwa baiskeli ya lami na changarawe, mabadiliko haya yanakupa zaidi ya gia yoyote ya bei ghali.

Mpya inayong'aa yenye shokapu

Iache. Najua inavutia: shokapu mbele, shokapu katikati, diski za breki, gia 21, na bei yake inakaribiana na mtumba nzuri. Ila kwa bei hiyo kila kitu kimefanywa chepesi mahali panapotakiwa uimara, na kizito mahali panapotakiwa wepesi. Shokapu ya bei rahisi inakula nguvu zako kila unapokanyaga, ikichakaa haitengenezeki, na ile ya katikati inakunyima mahali pa kufunga keria. Mikono ya breki ya plastiki hukatika baiskeli ikianguka mara moja. Utakuwa umenunua baiskeli mpya ambayo mwezi wa tatu inaanza kutafuta vipuri vya mtumba.

Ya kazi nzito

Zipo baiskeli za chuma zilizobuniwa kwa ajili ya barabara za Afrika, na nchi zinakounganishwa ni pamoja na Kenya, Zambia na Malawi. Keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na breki yake ya nyuma hushika ukirudisha pedali nyuma. Kwa muuza maziwa au mhudumu wa afya wa kijijini sioni ya kuishinda. Kwa msafiri ina mambo mawili ya kupima: ni nzito kama ile nyeusi, na breki ya kurudisha pedali hupata moto kwenye mteremko mrefu, halafu mnyororo ukikatika imeondoka nao. Aliye upande wa Kenya, anayepita nchi tambarare, aifikirie. Aliye Mbeya ataletewa kwa gharama, na vipuri vya habu hiyo hatavipata kila mahali.

Ile ya safari yenyewe, kutoka nje

Wazungu wanaopita hapa na mifuko minne ubavuni wanatumia baiskeli iliyobuniwa kwa safari: fremu ndefu ya chuma ili visigino visigonge mifuko, spoku 36, vitundu vya keria mbele na nyuma. Ni nzuri kweli. Mpya yake huko Ulaya au Marekani ni dola 1,500 hadi 2,500.

Tufanye hesabu. Chukua ya dola 1,500, ongeza usafiri na bima, tuseme dola 300. VAT ya Tanzania ni 18%, ya Kenya 16%, nayo haihesabiwi kwenye bei ya dukani peke yake. Inahesabiwa juu ya bei, usafiri, bima na ushuru vikiwa pamoja. Hata ungesamehewa ushuru wote wa forodha, 18% ya dola 1,800 ni dola 324. Kwa pesa hiyo ya kodi tu, hapa unapata baiskeli na matairi yake. Bado tozo za reli, za bandari au uwanja wa ndege, na za wakala wa kutoa mzigo.

Njia pekee inayoleta maana ni ndugu anayekuja likizo na kuibeba kama mzigo wake. Ikiwa kwenye boksi, ya kilo 15 inaingia ndani ya kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa begi moja. Mengine hutoza baiskeli peke yake hata kama uzito haujazidi, kwa hiyo dada au kaka yako aulize kabla ya kukata tiketi, na asafiri na risiti ya ununuzi. Mwambie pia achague yenye matairi ya inchi 26. Akikuletea ya 700C amekuletea heshima na usumbufu: nje ya miji mikubwa, tairi la 700C ni la kuagiza na basi.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo ningekuomba utulie. Inchi zinazoandikwa kwenye tairi ni jina tu. Kipimo cha kweli ni namba yenye tarakimu tatu, inayokuja baada ya kistari, mfano 50-559. Ile 559 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi.

Tairi la baiskeli ya milimani, 26 × 1.75 au 26 × 1.95, ni 559. La Kijapani, 26 × 1⅜, ni 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi, hata awe na vyuma vingapi vya kupindua, atakayelivisha moja kwenye ringi ya jingine. Vivyo hivyo 28 × 1½ ya ile nyeusi ni 635, wakati 28 × 1.75 ni 622, sawa na 700C na sawa na zile zinazoitwa 29. Zile za 27.5 ni 584. Anayekwambia "ishirini na nane ni ishirini na nane, bosi" anataka kufunga biashara.

Kwa upatikanaji, 559 na 635 ndizo za kuziamini ukiwa mbali na mjini. 590 utaipata palipojaa mtumba wa Japani, hasa Dar es Salaam na Zanzibar, na ukiingia bara zaidi inapungua. 622 na 584 beba la akiba, ukilikunja vizuri, na pesa yake iingie kwenye hesabu ya baiskeli tangu mwanzo. Ikiwa baiskeli ya 622 imeshushwa bei elfu arobaini, na matairi yake ya akiba yanakula elfu hamsini, hujapunguziwa kitu.

Valvu nayo itazame. Valvu nene, kama ya gari, inajazwa kwenye kituo chochote cha mafuta. Nyembamba yenye kofia ndogo ya kuzungusha inataka pampu yake au adapta. Ringi iliyotobolewa kwa valvu nyembamba haipokei nene mpaka tundu lipanuliwe kutoka milimita 6.5 hadi 8.5. Fundi mwenye drili atakufanyia, ila mwambie alainishe kingo za tundu baada ya kutoboa, la sivyo zitakata tyubu.

Pesa zinazojificha

Ya kwanza ni dalali. Ukipelekwa dukani na kijana aliyekupokea barabarani, cha juu chake kiko ndani ya bei, hata akisema hataki kitu. Rudi kesho peke yako.

Ya pili ni malipo ya simu. Mmekubaliana laki tatu na nusu, kisha unaambiwa, "Tuma na ya kutolea." Makato ya kutuma yako juu yako, ya kutoa nayo yamehamia kwako. Sema mapema kwamba bei ni hiyo hiyo kwa njia yoyote utakayolipa, au nenda na taslimu.

Ya tatu ni basi. Watu wengi huendesha kwenda na kurudi na basi. Baiskeli haina nauli inayojulikana. Ni maelewano na kondakta, na maelewano ya saa kumi na moja alfajiri, basi likiwa linanguruma, hayakupi nguvu. Nenda ofisini siku moja kabla, kubaliana, na kiasi kiandikwe kwenye tiketi. Toa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani, zungushia magunia. Baiskeli ndogo kwa umbo hutozwa kidogo.

Kuna na gharama ya njia yenyewe. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na tembo na simba wako pale kweli. Weka pesa ya kupakiza baiskeli kwenye gari kuvuka kipande hicho, usijaribu kuokoa hapo. Kwenye nchi ya migunga, Dodoma na Singida, miiba itakula tyubu: tyubu mbili za akiba kwa kila gurudumu, solusheni mpya isiyokauka, na viraka vingi kuliko unavyodhani.

Mifuko maalumu ya kuning'iniza ubavuni, usinunue. Mshonaji wa viti vya magari atakushonea miwili ya turubai kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mpe vipimo vya keria, mwambie aweke kipande cha ubao mwembamba mgongoni mwa mfuko ili usiingie kwenye spoku. Kufuli, hapo usibane pesa. Taa ya nyuma na kiakisi pia, kwa sababu malori ya Tunduma hayalali.

Kiti kigumu kinatisha, ila kile kinene cha sponji ndicho kinachochubua baada ya siku mbili. Chukua kigumu.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi, na fundi wako, si fundi wa duka. Mlipe posho yake mapema ili asiwe na sababu ya kumwonea haya muuzaji.

Inua nyuma, zungusha gurudumu ukilitazama pale linapopita kwenye raba za breki. Likicheza kushoto na kulia kidogo, litanyooshwa. Likipanda na kushuka, ringi imepigwa, na hiyo ni ringi mpya. Bana spoku mbilimbili kwa vidole mzunguko mzima; zilizolegea upande mmoja ni dalili ya kuvunjika nyingine karibuni. Hesabu zake: nyuma nataka 36. Ziwapo 32 na wewe si mzito, sawa. 28, acha.

Shika mkono wa pedali, uutikise kuelekea kwenye fremu na kurudi. Ukisikia "ko-ko", gololi za krenki zimekwisha. Punguza bei au ondoka. Vuta mnyororo mbele, pale unapozunguka sproketi kubwa: ukiinuka hadi jino kuonekana chini yake, umechoka, na huenda umekula na meno. Mnyororo peke yake ni pesa ndogo. Mnyororo pamoja na friwili na sproketi tatu ni pesa ya mazungumzo, na mazungumzo yafanyike kabla hujatoa pochi.

Chini ya krenki au kwenye shingo ya fremu kuna namba iliyogongwa. Hakikisha haijasuguliwa. Dai risiti ya EFD, na namba hiyo iandikwe juu yake; muuzaji wa barabarani asiye na mashine aandike hati ya mauzo kwa mkono, na jina, namba ya simu na sahihi yake. Ipige picha ibaki kwenye simu. Ukisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi ukiwa na baiskeli ya mtumba na mzigo wa wiki mbili, karatasi hiyo ndiyo itakayokuruhusu kuendelea.

Baada ya hapo iendeshe kilomita 40 ukiwa umefunga mzigo kamili, kabla ya siku ya safari. Spoku mpya hulegea mwanzoni, waya za breki hurefuka, na keria hudai boliti zikazwe. Irudishe kwa yuleyule aliyesuka gurudumu, akaze kila kitu, na kazi hiyo ya pili iwe ndani ya bei mliyopatana tangu siku ya kwanza.